Ngome ya Mvita na Wenyeji Wake

Msafiri asimamaye juu ya kuta za ngome ya Mombasa, iliyoitwa na Wareno Fort Jesus, huona mlango wa bahari mbele yake na Mji wa Kale ubavuni. Hapo hufahamu kwa nini kisiwa hiki kiligombewa mno, hata jina lake la Mvita wengi wakalihusisha na vita. Bandari yake ina kina, tena imekingwa na mawimbi makuu.

Vasco da Gama alifika mwaka 1498, asipokewe vema, akaenda Malindi akapata urafiki. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliushambulia mji wa Mombasa na kuuteketeza kwa moto. Wareno walianza kujenga ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliani Giovanni Battista Cairati, wakamweka mfalme wa Malindi atawale Mombasa chini yao. Lakini mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, wa ukoo huo huo, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni na kuitwaa. Wareno walirudi mwaka uliofuata, ila imani kati yao na wenyeji ilikuwa imekwisha.

Wazee wa Mombasa walikuwa wamekwisha omba msaada wa Omani. Machi 1696 majeshi ya Imamu yakaizingira ngome. Njaa na maradhi yakawamaliza walinzi, na Desemba 1698 ngome ikaanguka. Wareno waliipata tena mwaka 1728. Mwaka 1729 wenyeji wakaondoka juu yao, wakawafukuza.

Kisha wakaja maliwali wa ukoo wa Mazrui, ambao katika karne ya 18 walijitenga na Omani. Walipotishwa na Sayyid Said bin Sultan, waliomba ulinzi wa Kapiteni Owen, na bendera ya Kiingereza ikapepea Mombasa toka 1824 hata 1826. Sayyid Said alijaribu zaidi ya mara moja kuushika mji, asiweze kuudumisha mkononi. Aliupata mwaka 1837, Wamazrui walipokuwa wakigombana wao kwa wao, na baadhi ya wakubwa wa Thenashara Taifa walipoelekea upande wake.

Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895. Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, nayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli kubwa zikahamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Majahazi yakabaki bandari ya kale. Ngome ikawa gereza mpaka 1958, huku bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ikipepea juu yake, kwa kuwa mwambao ulihesabiwa kuwa milki yake hata uhuru wa Desemba 1963.

Tangu 1960 ngome imekuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia. Mizinga yake sasa hutazamwa na watoto wa shule. Kwa muda wa karne nne kila mtawala alizitegemea kuta zile. Lakini mara nyingi aliyemfungulia mgeni mlango wa Mvita, au kumfungia, alikuwa mwenyeji wake.