Nunua Taa Kwanza, Anemoni Baadaye

Tangu niposti video ya tangi langu la maji chumvi, swali kwa DM ni lile lile: "Hiyo ni taa gani?" Nikikutajia jina la kampuni sitakuwa nimekusaidia, juu jina silo kitu. Na kabla mtu aniambie eti Kericho ni ya chai, bahari tuwaachie watu wa Pwani: najua. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko zaidi ya kilomita 700 kutoka hapa. Ndio maana naandika. Mnyama akitolewa baharini akafika huku milimani, hana pengine pa kutoroka. Anaishi au anakufa kulingana na kile umening'iniza juu ya maji.

Anemoni anafanana na ua lakini ni mnyama, ndugu ya matumbawe. Ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, na mwani huo unatumia mwanga kutengeneza sukari, vile vile jani la chai linavyofanya. Sukari nyingi inamwendea anemoni. So hata ukimrushia vipande vya kamba kila wiki, bila mwanga wa kutosha atakonda tu pole pole. Mtu wa Litein au Sotik hahitaji kufunzwa hii. Chai iliyofunikwa na miti mizito haichipui kama ile iko wazi.

Sasa, mwanga upi? Hapa ndipo watu wanaliwa pesa. Boksi la taa litakutajia wati na lumeni. Lumeni zinapima vile jicho la binadamu linaona, na jicho letu linapenda kijani na manjano. Mwani wa anemoni haujali jicho lako. Baharini rangi nyekundu inamezwa na maji mita chache za kwanza, buluu ndiyo inashuka chini. Viumbe wa huko wamezoea buluu, hasa ile ya nanometa 420 hadi 470 hivi. Ndio maana taa nzuri ya tangi inakaa hafifu kwa macho, na Kogo akitutembelea anauliza kama tumefungua disko. Ile floodilaiti ya kumulika duka usiku ina lumeni kibao na bado inaweza kukuachia anemoni mwenye njaa.

Kipimo cha maana kinaitwa PAR, yaani mwanga ule mmea unaweza kutumia, na kinapimwa pale chini anemoni anakaa. Kwa yule wa ncha zilizovimba kama puto, ambaye ndiye mvumilivu zaidi kwa anayeanza, wafugaji wengi hulenga kati ya 100 na 250. Mashine ya kupima ni ghali, kwa hivyo muulize muuzaji chati ya taa kwa kina cha tangi lako. Akikosa, umeshajibiwa.

Na wale wa "tuko karibu na ikweta, weka tangi dirishani, jua ni bure": jua la wapi? Saa nne liko, saa nane mawingu yamefunga, saa tisa mvua ya mawe inagonga mabati. Anemoni hawezi kupangiwa maisha na hali ya anga ya Kericho.

Kitu kinaniuma ni hiki. Rafiki yangu wa Bomet alitumiwa picha na muuzaji fulani, anemoni mweupe pe, ncha za zambarau, bei imepandishwa kwa sababu eti ni wa nadra. Nadra gani? Huyo amepoteza mwani wake. Ndicho kilichopata matumbawe ya Pwani yetu mwaka wa 1998, joto la El Niño lilipozidi baharini na miamba ikageuka meupe. Anemoni mweupe yuko hai lakini ana njaa, ni vile anatoka vizuri kwa kamera. Kuna hata wanaotiwa rangi ya manjano ndio wauzwe haraka.

Nilimwambia asinunue, kwa sababu pesa yake ndiyo itamleta mweupe mwingine. Akasema huyu aliye kwa picha hajui mambo ya soko, anahitaji tu kuokolewa. Tulibishana wiki nzima, akanunua. Basi nikamsaidia: taa chini kabisa siku za kwanza, juu anemoni dhaifu hawezi kupigwa na mwanga mkali ghafla, halafu unapandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na chakula vipande vidogo sana. Sasa ni miezi mitatu. Ameanza kuwa kahawia kama chai ya rangi, na kahawia kwa anemoni ni afya. Namwonea fahari huyo mnyama. Kuhusu kununua bado tunabishana.

Kama taa haiko kwa bajeti, fuga yule samaki wa Nemo peke yake. Kwa tangi anaishi vizuri tu bila anemoni. Ukitaka kuwaona pamoja, nenda Watamu, hifadhi ya bahari iko huko tangu 1968, na taa yao hailipiwi tokeni.

Stima ikipotea usihangaike na taa. Siku moja ya giza anemoni anavumilia, hata baharini kuna siku za dhoruba. Betri yako iendeshe pampu, kwa sababu maji yakisimama hewa inaisha kwa masaa.

Mwisho ni hesabu ambayo hakuna muuzaji atakufanyia. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 9 kwa siku ni uniti 0.9, yaani uniti 27 kwa mwezi. Hapo sijaweka hita, na kwa baridi ya usiku wa huku, kushikilia maji kwa nyuzi 25 kunaweza kula zaidi ya taa. Ongea na mwenye kununua tokeni kwenu kabla hujaongea na mwenye kuuza anemoni.