Mabinti Wawili na Mfalme Mmoja

Ndugu msomaji, usinicheke: mzee mzima wa chuoni nimekaa na wajukuu nikatazama senema. Ni ile ya mwaka 2008, The Other Boleyn Girl, ya ndugu wawili wa Kiingereza, Mary na Anne, walioshindania mapenzi ya Mfalme Henry wa Nane. Anne alishinda, akawa malkia mwaka 1533. Mwaka 1536 alikatwa kichwa kwa amri ya mumewe huyo huyo.

Wajukuu walimlaumu Anne. Mimi macho yangu yalikuwa kwa baba na mjomba, waliowatanguliza mabinti hao kwa mfalme ili wao wapate vyeo. Nikainama, kwani nami nina mabinti wawili. Mkubwa nalikuwa nikimsifu mbele ya wageni, mdogo nikimwambia, "Mtazame dadako!" Leo hawasemezani, nami nikiwalaumu wao.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tufanye uadilifu baina ya watoto wetu. Miaka arubaini nimeisomesha hadithi hiyo. Usiku ule ndipo iliponisomesha mimi. Asubuhi nilikwenda kwa mdogo kumtaka radhi. Alilia, nami nikalia.

Nawe msomaji mwenye watoto, usingoje uzee.