Kashinda kesi, kazi je?

Kuna ushauri mmoja ambao hapa Kigoma nimeusikia kila nilipokaa: mwaloni Kibirizi, vibanda vya chipsi Mwanga, baraza za kahawa Ujiji. Mtu akipelekwa polisi na mwajiri wake, kisha akafukuzwa kazi, jamaa zake humwambia: "Tulia. Ngoja kwanza kesi iishe." Ukiusikia unaona ni wa busara kabisa. Lakini ndugu zangu, ushauri huu umewanyima watu haki zao, na leo nataka tuuzungumze kwa kituo.

Nianze na kisa cha kweli. Jina la mhusika silitaji, wala la kampuni iliyomwajiri, maana shauri lenyewe bado liko mezani. Ni shemeji wa mwenyeji wangu, mtu wa makamo, mzaliwa wa Ujiji. Alikuwa mtunza stoo. Kazi yake ilikuwa kuandika mafuta yanayoingia na yanayotoka. Siku moja wakahesabu mapipa ya dizeli, yakaonekana pungufu. Funguo anazo nani? Yeye. Basi, polisi, mahabusu, mahakamani, shitaka la kuiba akiwa mtumishi. Ndugu wakachangishana, akapata dhamana.

Miezi mitatu baadaye, kesi ikiwa bado inatajwa tu, akaletewa barua: ajira yako imesitishwa kwa kosa la kusababisha upotevu wa mafuta. Mafuta yale yale! Akaisoma, akaikunja, akaiweka pamoja na vyeti vya shule. Akatulia, kama alivyoshauriwa.

Miaka miwili ikapita. Leo shahidi hakuja, kesho hakimu yuko safarini, keshokutwa jalada halionekani. Wapo wasomaji wanaoijua hiyo ratiba. Yeye akawa anauza dagaa Kibirizi, mkewe mawese sokoni. Mwishowe hukumu ikasomwa: upande wa mashitaka umeshindwa kuthibitisha, mshitakiwa yuko huru. Siku hiyo nyumbani ilipikwa pilau.

Jumatatu iliyofuata akapiga pasi shati, akachukua nakala ya hukumu, akaenda kazini. Mlinzi anamfahamu, akamwomba asubiri getini. Baada ya muda akatoka ofisa utumishi. Hakumfokea, hata salamu alimpa. Kisha akamwambia, "Kesi ilikuwa yako na Jamhuri. Sisi barua yetu ulishapokea."

Aliponisimulia hayo nilimuuliza, "Kaka, barua ilipokuja ulikwenda CMA?"

Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Mdogo wangu, ningekwenda vipi kudai kazi na mimi ni mshitakiwa wa wizi?"

Hapo ndipo penye tatizo lote.

Yule ofisa, pamoja na ukavu wake, kuna kitu alisema sawasawa. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mshitakiwa. Mwajiri pale ni mlalamikaji na shahidi tu. Hakimu akimwachia mtu, haiamuru kampuni imrudishe kazini. Kuachiwa kunamwondolea kifungo, basi. Habari ya kazi ina mlango wake, na mlango huo hapa Tanzania ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo tunayoiita CMA.

Tena milango hiyo miwili haipimi kwa mizani moja. Kwenye jinai, Jamhuri inatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Kwenye mgogoro wa kazi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu, ila kipimo chake ni chepesi zaidi: ni lipi lina uwezekano mkubwa kuwa kweli. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa na hakimu kwa sababu shahidi muhimu hakutokea, na bado mwajiri akasema, "Mimi ushahidi wangu ninao." Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana ndio uliomfanya shemeji yetu ashike kichwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyotungwa, ina kifungu cha 37(5). Kwa lugha ya kijiweni kinasema hivi: mfanyakazi akishashitakiwa kwa kosa la jinai, mwajiri asimwadhibu wala kumfukuza kwa jambo ambalo kimsingi ni lile lile, mpaka mahakama iamue na rufaa, kama ipo, iishe. Na kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zikaongeza kwamba mwajiri anaweza kumsimamisha mtu huyo, lakini kwa mshahara kamili, akisubiri uamuzi.

Umeona? Barua ile ya miezi mitatu baada ya shitaka ndiyo ilikuwa kesi yake yenyewe. Hakuhitaji kusubiri kuachiwa ili awe na hoja. Hoja ilizaliwa siku ile ile alipokabidhiwa barua. Kuachiwa kumekuja kama nyongeza tu.

Lakini msifurahi mapema, kwa sababu kifungu kina tundu. Kinamlinda aliyeshitakiwa. Aliyekamatwa, au anayehojiwa tu na polisi, bado hajashitakiwa. Mwajiri mjanja anaweza kuitisha kikao cha nidhamu haraka, kabla hati ya mashitaka haijasomwa. Na hata baada ya shitaka anaweza kukufungulia kosa lingine, kwa mfano uzembe badala ya wizi. Hapo mtabishana kama makosa hayo kimsingi ni yale yale au la.

Kubwa kuliko yote ni muda. Kanuni za mwaka 2007 zinampa aliyefukuzwa siku 30 kupeleka mgogoro wake CMA. Siku hizo zinahesabiwa tangu siku ya kufukuzwa, au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Hazihesabiwi tangu siku hakimu alipokuachia. Kesi ya jinai haisimamishi saa hiyo hata dakika moja.

Majirani zetu Kenya walishajifunza somo hilo kwa maumivu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa yao, ikikaa Nyeri, iliamua shauri la wafanyakazi wawili waliofukuzwa Oktoba 2010 huku wakiwa na kesi ya jinai. Walisubiri waachiwe kwanza, ndipo Juni 2014 wakafungua madai. Sheria ya Kenya inatoa miaka 3, siyo siku 30. Miaka mitatu! Na bado walichelewa. Mahakama ilisema haki yao ya kudai ilianza siku walipopokea barua za kufukuzwa, kwamba walikuwa na kila walichohitaji kwenda mahakamani, na hawakwenda. Madai yakaishia hapo. Kama wenye miaka mitatu walipitwa na saa, mwenye siku 30 atasalimika vipi akiambiwa atulie?

Kwa shemeji yetu kumebaki mlango mdogo: kuomba kuongezewa muda. Tume hutazama umechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, una nafasi gani ya kushinda, na upande wa pili utaumia vipi. Nafasi ya kushinda anayo, naamini. Lakini kuchelewa miaka miwili siyo mchezo, na "niliambiwa nisubiri" siyo sababu inayowalainisha waamuzi. Ameshapeleka maombi. Mwajiri amepinga. Anasubiri.

Mlio serikalini msidhani yenu ni hayo hayo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani kabla ya kugusa sheria za kazi. Ukifukuzwa na mamlaka yako ya nidhamu, unakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na baada ya hapo kwa Rais. Mwalimu wa Kasulu au nesi wa Uvinza akikimbilia CMA moja kwa moja, anaweza kuambiwa amekosea mlango wakati siku za rufaa yake zinakatika. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza aliyefukuzwa ni hili: mwajiri wako ni nani?

Wazee waliniambia afadhali ya sasa, na nikienda kwenye historia naona hawakukosea. Chini ya Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964, aliyefukuzwa papo hapo alipeleka malalamiko yake kwenye bodi ya usuluhishi, kisha kwa Waziri wa Kazi, na neno la Waziri likawa la mwisho. Kifungu cha 28 kiliwafungia milango hata mahakimu na majaji wasisikilize madai ya namna hiyo. Na miaka ambayo Mahakama Kuu haikuwa na masjala Kigoma, shauri la huku likifika ngazi hiyo lilikuwa safari ya reli hadi Tabora, takriban kilomita 400. Hesabu nauli, hesabu chakula, hesabu siku za kulala kwa watu. Wangapi walikata tamaa stesheni? Leo CMA iko hapa hapa mjini, Mahakama Kuu iko hapa hapa. Umbali umepungua. Kilichobaki ni watu kujua waende lini.

Na sisi waandishi wa habari tuna sehemu yetu katika haya. Alipokamatwa, shemeji yetu alitangazwa redioni kwa jina lake na mtaa wake. Alipoachiwa, hakuna aliyetangaza. Mpaka leo mwaloni kuna watu wanamwita "mzee wa dizeli", na wengine wanadhani yuko nje kwa dhamana. Aliponikabidhi ile nakala ya hukumu nisome, aliishika kwa mikono miwili. Akaniambia fedha angezipata hata kwa dagaa. Anachotaka ni mwajiri wake aandike kwamba hakuiba.

Sheria ya 2004 haina kipengele cha kusafisha jina. Ina kurudishwa kazini bila kupoteza mishahara, ina kuajiriwa tena, ina fidia, ambayo sheria ilipotungwa iliwekwa isipungue mishahara ya miezi 12. Lakini mtu akirudishwa kazini, akapewa tena funguo za stoo ile ile, mtaa mzima utaelewa bila tangazo. Nadhani ndicho anachokipigania.

Basi kwa yeyote anayesoma hapa na ana ndugu mwenye mkasa kama huu, mwambie hivi. Ukipewa barua, andika tarehe uliyoipokea. Tunza hati ya mashitaka, maana ndiyo inayoonyesha kwamba ulishashitakiwa kabla ya kufukuzwa. Kama uko sekta binafsi, nenda CMA ujaze fomu namba 1 ndani ya siku 30, hata kama keshokutwa unapanda kizimbani. Kufungua mgogoro siyo kukiri kosa, wala siyo kumdharau hakimu. Una chama cha wafanyakazi? Kitumie, ndiyo maana wanakukata mshahara kila mwezi.

Mwenye kesi mbili atembee kwa miguu miwili. Akisimama kwa mmoja akisubiri mwingine, siku zinakatika.

Swali langu kwenu wanasheria na mlioajiri watu: je, ni haki siku 30 zihesabike hata kwa mtu aliyeko mahabusu bila dhamana, ambaye barua yake ya kufukuzwa imepelekwa nyumbani kwa mkewe? Mimi naona sheria ingemsubiri huyo. Nyie mnasemaje?