Kiswahili cha Kisangani

Mimi ni Mganda. Kwetu wazee wengi hukiita Kiswahili lugha ya wanajeshi, na bibi yangu hataki kukisikia nyumbani. Mimi nilikichagua ili nipate kazi ya ualimu.

Muhula huu tulitazama En route pour le milliard, filamu ya matukio halisi ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani. Ilichaguliwa kwa tamasha la Cannes la 2020, ambalo halikufanyika kwa sababu ya korona. Mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana mjini Kisangani siku sita, na raia wengi wakauawa. Katika filamu, waliopoteza miguu au mikono wanashuka Mto Kongo kwa boti hadi Kinshasa, wakiwa na magongo yao, kudai fidia.

Walipozungumza Kilingala nilisoma tafsiri. Walipozungumza Kiswahili sikuihitaji. Niliwaelewa, na jeshi mojawapo lilikuwa la nchi yangu.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Fedha hulipwa na serikali. Kusikiliza ni kazi yetu sote. Bibi ana sababu zake za kukikataa Kiswahili. Mimi nimepata yangu ya kukipenda.