Homa Iliyokwisha Kupewa Jina

Katika nyumba zetu za Pwani, homa huwa na jina kabla mgonjwa hajafika kwa daktari. Mtoto akichemka mwili, bibi husema ni malaria, na jina hilo hufuatana na mgonjwa hadi zahanati, likatamkwa mlangoni hata salamu hazijaisha. Siwalaumu wazee wetu. Waliishi zama ambazo kudhani malaria kulikuwa karibu sawa na kupata, na kuchelewesha dawa kuliweza kumaliza mtoto. Lakini jina likishatangulia, ni kazi kubwa kuling'oa.

Mwaka 2014, dengue ilipokuwa imeenea Mombasa, ami yangu alishikwa na homa kali, maumivu ya viungo na uchungu nyuma ya macho. Alipelekwa zahanati moja ya mtaani. Kipimo cha damu hakikuonyesha vijidudu vya malaria; juu ya hivyo akaandikiwa dawa ya malaria, kwa hoja kwamba pengine vijidudu vimejificha. Hapo ndipo panaponishangaza hadi leo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Alipimwa, naam, ila jibu la kipimo halikusikilizwa.

Siku ya tano homa ikashuka. Nyumba nzima ikafurahi, dawa ikasifiwa. Kumbe katika dengue, kushuka kwa homa si kupona daima. Kwa baadhi ya wagonjwa hatari huanza papo hapo: maji ya damu huvuja kutoka mishipani, na chembe za kugandisha damu hupungua. Jioni ile ami alianza kutoka damu kwenye fizi, tumbo likamkata, akawa hawezi hata kuketi. Siku zote hizo alikuwa akimeza ibuprofeni kwa ajili ya viungo, dawa ambayo huweza kuzidisha utokaji wa damu kwa mgonjwa wa dengue. Alilazwa siku sita, na kwa rehema za Mola akarudi nyumbani.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa saikolojia, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio ambalo hunijia akilini kila nikumbukapo kisa hiki. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioangukiwa na 10 walikisia 25 hivi. Walioangukiwa na 65 walikisia 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika (wala waliokisia, yaelekea, hawakujua mengi), lakini namba ya kwanza iliwavuta. Seuze neno la mzazi mwenye hofu, likimfikia tabibu mchovu ambaye tangu asubuhi amekuwa akiona homa baada ya homa! Na akili iliyokwisha kuamua hukusanya mashahidi wa upande mmoja tu. Kipimo kikikubali, ni ushahidi. Kikikataa, vijidudu vimejificha. Homa ikishuka, dawa imefanya kazi.

Mke wa ami amebadili desturi yake. Akimpeleka mgonjwa husema homa ilianza siku gani, panauma wapi, na dawa zipi zimekwisha kumezwa nyumbani, zikiwamo zile za dukani ambazo watu huona haya kuzitaja. Jina la ugonjwa halitamki. Akiandikiwa dawa, huuliza kwa adabu: "Bwana daktari, katika haya niliyokueleza, kuna lolote lisiloafikiana na ugonjwa huo?"

Mara ya kwanza alipouliza hivyo, alikuwa na mjukuu wake, na dawa ya malaria ilikuwa imekwisha kuandikwa. Tabibu alinyamaza kidogo, akaweka kalamu chini, akamwambia mtoto afungue kinywa. Yalikuwa mafindofindo.