Kutembea na Mbwa Kafutuma

Wengi mmetuuliza tulipotelea wapi likizo ya mwezi wa nane. Sisi walimu wawili wa kujitolea tulikuwa Kafutuma, upande wa ziwa, kwa mwenyeji mmoja mzee aliyetukaribisha nyumbani kwake. Na kazi aliyotupa ilikuwa kutembeza mbwa. Msicheke kwanza.

Aliyepita Nchelenge anajua nyumba za huko zinavyofuatana kando ya barabara ya lami mpaka Kashikishi. Si mji kamili, na kijiji si kijiji tena. Unaona nyumba ya bati, kibanda cha vocha, shamba dogo la mihogo, halafu nyumba ya nyasi, halafu kanisa. Nyuma yake mchanga na matete, kisha Ziwa Mweru lenyewe. Luapula inaingia upande wa kusini, na maji yanatokea kule Pweto kwa mto Luvua. Mbele yako kiko kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia, na ng'ambo kuna mji wa Kilwa ambao ni wa Kongo. Jina moja, serikali mbili. Siku ambayo moshi wa mashamba hauko mwingi unaona milima ya kwetu.

Mwenyeji wetu tunamwita Ba Tata, na mke wake Ba Mayo, kama adabu ya Kibemba inavyotaka. Mbwa wao anaitwa Tukamona, maana yake "tutaona". Huku watu wanampa mbwa jina ili jirani alisikie, na kwetu Kongo ni vilevile. Ba Tata hakutuambia jirani gani alikuwa anaambiwa "tutaona", lakini kila jioni akimwita mbwa ale, anaita kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Asubuhi tunatoka mapema. "Mwashibukeni mukwai," tunasalimia kila mlango, na wanaitika vizuri. Watoto wanapiga kelele, "Imbwa! Imbwa!" na wengine wameshaokota mawe. Tuliwafundisha kusimama kimya, mikono chini, wasikimbie, maana mbwa akiona mtu anakimbia naye anafukuza. Jiwe lilikuwa gumu zaidi kuwatoa mkononi.

Shida kubwa ni ufukweni. Akina mama wanaanika chisense juu ya mchanga na mikeka, samaki wadogo wanaometa kama bati jipya. Beseni moja la chisense kwa mama yule ni sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Mbwa mmoja akipita juu yake, kazi ya usiku mzima imeharibika. Kwa hiyo Tukamona haendi ufukweni bila kamba shingoni. Ba Tata aliisuka mwenyewe kwa nyuzi za wavu uliochakaa, na ni imara kuliko ya dukani. Kuna familia moja ya Kiislamu njiani ambayo haitaki mate ya mbwa yaguse nguo za kusalia, basi pale tunavuka upande wa pili wa barabara. Hakuna aliyetuamuru. Ni ujirani tu.

Jua likishuka hatumpeleki majini. Mamba wako, na kwenye matete huwezi kuwaona. Tukamona anakunywa kwenye sufuria iliyotoboka nusu, anakula bukari iliyobaki na miiba ya samaki. Ba Mayo anasema miezi mibaya kwa mbwa ni ile ya marufuku ya uvuvi, kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Mabaki yanapungua, mbwa wasiolishwa wanazurura, na ndipo ugomvi wa kuku na vyungu unapoanza.

Tuseme ukweli, kumshika mbwa kamba kulitupa mawazo. Wengi wetu tuliokimbia mwaka 2017 tuliacha mbwa. Mtumbwi haukuwa na nafasi, na porini hakuna aliyetaka sauti ya kubweka. Baadhi ya watoto wetu shuleni bado wanachora mbwa amesimama ukingoni.

Katika juma la pili mtoto wa kiume wa miaka kama saba aling'atwa mguuni njiani kwenda kwenye pampu. Mbwa mwenyewe alikuwa wa kahawia, hakujulikana na mtu, akaingia matete akapotea. Tukamona pia ni wa kahawia. Kabla ya saa moja kwisha maneno yamefika: eti ni mbwa wa wakimbizi, wale wanaotembea naye kila siku. Vijana wakaja uani, mmoja ana panga. Tukamona alikuwa amefungwa chini ya mwembe tangu alfajiri. Sisi tulinyamaza, maana mgeni akijitetea sana anaonekana ana kosa.

Ba Tata aliingia ndani, akatoka na kadi ya chanjo ya watu wa mifugo, ina tarehe na muhuri. Akaipitisha mkono kwa mkono. Yule wa panga aliisoma mara mbili, akauliza yeye atapata wapi kadi kama hiyo kwa mbwa wa baba yake. Hasira ikaisha hapo.

Lakini mtoto bado alikuwa na kidonda. Bibi yake alikuwa ameshasaga pilipili ya kupaka. Ba Mayo akamzuia kwa heshima, akaosha mguu kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, mtoto analia. Halafu baiskeli mpaka hospitali ya misheni Kashikishi. Mbwa akijulikana anafungwa na kuangaliwa siku 10, lakini huyu alikuwa ametoroka, hivyo sindano hazikungoja. Baada ya sindano ya pili kidonda kilikauka, mama akataka kuacha, maana kila safari ni siku ya chisense imepotea. Ba Tata akatoa baiskeli yake, sisi tukamwendesha mtoto kwa zamu mpaka alipomaliza.

Tunaandika hivi kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Duniani kinaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, wengi Asia na Afrika, na wanne katika kila kumi ni watoto chini ya miaka 15. Chanjo iko tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa Kifaransa mwaka 1885. Mbwa mdogo anachanjwa akifika miezi mitatu, kisha anarudiwa kila mwaka au kama kadi inavyosema.

Hapa Mantapala tumeanza kuandika mbwa wa bloki zetu, na wenye kadi ni wachache mno. Mwenye mbwa alete shuleni jina la mbwa, rangi yake na umri wake, hata kama umri ni wa kukisia, ili watu wa mifugo wakifika tuwe na orodha mkononi. Jumamosi mchana tuko darasa la kwanza. Mkija na mbwa, njooni na kamba.