Mkimbiaji na Maumivu Yake

Tarehe 20 Oktoba, 1968, wakimbiaji 75 walianza mbio ndefu za Olimpiki katika mji wa Mexico, mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na 57 tu ndio waliofika mwisho. Miongoni mwa wasiofika alikuwamo Abebe Bikila wa Ethiopia, mshindi wa Roma mwaka 1960 na wa Tokyo mwaka 1964. Alijitoa kabla ya nusu ya safari kwa sababu mfupa wa mguu wake ulikuwa na ufa. Wa mwisho miongoni mwa waliofika alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania. Alianguka njiani, goti likachanika na kuteguka, akafungwa bandeji, akaendelea, akaingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, muda uliozidi ule wa mshindi, Mamo Wolde, kwa saa nzima na zaidi.

Haki ya Akhwari ya kusifiwa haina shaka. Wala si kweli kwamba aliharibika siku ile, maana mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alimaliza mbio kama zile akiwa wa 5, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Lakini sifa ina uvivu wake: humkumbuka aliyeendelea, ikamsahau aliyesimama. Katika viwanja vya vyuo na vya mitaa vijana hufunga kitambaa goti lililovimba, wakaingia mchezoni huku wenzao wakiwapigia makofi, na hawagombei nishani ya Olimpiki, bali kombe la madarasa mawili. Aliyesimama kwa kuwa ameusikia mwili wake huitwa mwoga. Hukumu hiyo ni mbovu, na chanzo chake ni kutojua kwamba maumivu yana aina zake.

Yako maumivu ya kazi tu. Mtu aliyekaa miezi bila mazoezi, kisha akapanda vilima siku moja, kesho yake na kesho kutwa mapaja yake yote mawili yatamuuma, hata kushuka ngazi kuwe adhabu. Maumivu haya yameenea, hupungua mwili upatapo moto, na baada ya siku chache huondoka bila kuaga. Si ugonjwa. Yako mengine yenye makazi: hukaa upande mmoja, mahali panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, na kila hatua huyazidisha. Haya ndiyo yasiyofaa kubishiwa.

Jeraha lijulikanalo kuliko mengi ni la kuteguka kifundo cha mguu. Mchezaji hukanyaga shimo au mguu wa mwenziwe, wayo hupindukia ndani, na kano za upande wa nje, ambazo kazi yake ni kuushika mfupa kwa mfupa, huvutwa kupita kiasi au hukatika. Uvimbe huja upesi, kama yai chini ya ngozi. Swali la kwanza ni hili: je, ni kano tu, au mfupa umevunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni nyepesi ya kulijibu. Aliyeumia abonyezwe ncha na ukingo wa nyuma wa vile vifupa viwili vilivyotokeza pande mbili za kifundo, kisha aambiwe atembee hatua nne. Mfupa ukiuma ubonyezwapo, au ikiwa hatua nne zilimshinda pale alipoumia na zikamshinda tena mbele ya daktari, hapana budi apigwe picha ya eksrei. Kanuni hiyo ina sehemu nyingine ihusuyo mifupa ya katikati ya wayo, lakini njia ni ile ile: kidole na hatua nne, vitu visivyokosekana katika zahanati yoyote.

Hapo ndipo desturi ya nyumbani huingia mapema mno. Kiungo kikiteguka huitwa mkandaji, naye huja na maji ya moto, mafuta na vidole vyenye nguvu. Mikono hiyo si ya kudharauliwa, kwani imelegeza misuli ya watu wengi; lakini wakati wake si siku ya kwanza, maana mishipa midogo iliyopasuka ingali inavuja damu, na joto pamoja na kuchuliwa huongeza mvujo. Ikiwa mfupa umevunjika, kuchua ni kuuchokoza.

Wenye vitabu nao walikuwa na desturi yao. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kwamba tiba ni mapumziko, barafu, kufunga bandeji na kuuinua mguu, na watu wakafuata, hata mahali ambapo barafu hupatikana kwa muuza samaki tu. Baadaye Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ule uonekanao kama adui ndio mwanzo wa mwili kujitengeneza. Basi barafu imebaki kuwa ya kupoza maumivu katika saa za kwanza. Mguu hufungwa na kuinuliwa, na baada ya siku mbili tatu huanza kukanyaga kidogo kidogo kadiri maumivu yaruhusuvyo. Kisha huja zoezi ambalo wengi hulicheka: kusimama kwa mguu mmoja, kwanza macho yakiwa wazi, baadaye yamefumbwa. Kano iliyovutika haikupoteza nguvu tu, imepoteza na habari. Ubongo haujui tena sawasawa wayo umekaaje, na kwa hiyo kifundo kilichoteguka mara moja huwa tayari kuteguka tena.

Ufa wa mfupa, kama ule wa Bikila, una hila zaidi, kwa sababu hauna siku ya kuzaliwa. Mwaka 1855, miaka 40 kabla ya kuvumbuliwa eksrei, daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt alieleza habari za askari waliovimba nyayo na kuumwa baada ya mwendo mrefu, bila kuanguka wala kupigwa. Mfupa hubomolewa kidogo na kila zoezi, ukajengwa tena wakati wa mapumziko. Mazoezi yakizidi upesi, ubomoaji huushinda ujenzi. Mwanzoni huuma mwishoni mwa mbio, kisha katikati, kisha hata mtu akiwa kitandani. Tena picha ya wiki za kwanza huweza kuonyesha mfupa mzima kabisa, na mkimbiaji akarudi uwanjani na cheti cha uzima mfukoni. Dawa yake ni kuacha kukimbia kwa wiki sita, nane, au zaidi, na hakuna mkandaji wala sindano ya kuzifupisha.

Kano ya kisigino hutaka kinyume chake. Yasimuliwa kwamba Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Sweden, aliumwa na kano hiyo, wakubwa wake wakakataa kumpasua. Akaamua kuilemea kwa mizigo hata ikatike, wapende wasipende. Haikukatika, ilipona. Mwaka 1998 yeye na wenziwe walitangaza matokeo ya wanamichezo 15 walioshusha kisigino polepole ukingoni mwa ngazi, mara 15 kwa mikupuo mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, hata kama kano inauma. Wote walirudi kukimbia. Hapa aliyepumzika tu angebaki mgonjwa.

La kichwa lina neno moja: aliyegongwa akapotewa na fahamu, au akauliza swali lile lile mara tatu, asirudi mchezoni siku hiyo.

Limebaki goti. Likilia ndani wakati wa kugeuka ghafula, likavimba kabla ya jua kuchwa, yamkini kano ya katikati imekatika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 juu ya waliopasuliwa kwa jeraha hilo ulionyesha kwamba kila mwezi wa kungoja, hata kufika wa tisa, ulipunguza kuumia upya kwa karibu nusu. Miezi tisa, na ligi ya chuo huisha kwa minne.